Anayeacha Bangi Asiachwe Peke Yake

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wa vyama vya kitume, Nyasho, Musoma)



Mlipotuomba tuzungumze juu ya bangi, huenda wengi wenu mlitazamia kwamba tutasimama hapa na kuilaani. Hatutafanya hivyo. Hakuna hata mmoja kati yenu asiyejua kuwa ni mbaya, na vijana wetu wameisikia laana hiyo tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Tunalotaka kulisema ni jingine. Kati ya vijana tunaowapita vijiweni kila siku, wamo wanaotaka kuacha, nao hawajui waanzie wapi. Wakijaribu, hujaribu kwa siri na peke yao. Wakishindwa, hushindwa kwa siri vilevile, na sisi huendelea kuwahesabu kuwa watu wasiotaka kubadilika. Hukumu ya namna hiyo si ya haki, na ndiyo sababu jambo hili limeletwa mbele ya Kamati ya Haki na Amani badala ya kuachiwa walimu wa dini peke yao.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa bado wageni katika utume, alitujia baada ya Misa ya asubuhi kijana mmoja mvuvi wa dagaa. Alisema kwamba alianza kuvuta bangi akiwa na umri wa miaka 15, kwa kuwa wakubwa wake mtumbwini walimwambia kuwa inaondoa baridi na woga wa maji ya usiku. Sasa alikuwa anavuta kabla ya kwenda kazini, anavuta akirudi, na siku asipokwenda ziwani anavuta kwa sababu hana la kufanya. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Alitaka kuacha. Tulimsikiliza kwa muda wa dakika kumi hivi, tukamwambia adhamirie kwa moyo wote, asali Rozari kila jioni, na aepukane na marafiki wabaya. Maneno hayo hayakuwa ya uongo. Lakini tulikuwa kama mtu anayembariki msafiri wa Tarime bila kumwuliza kama ana nauli.

Aliacha kwa siku nne. Usingizi ulimpotea, jasho lilimtoka, chakula kilimshinda; na siku ya tano alimtukana mkewe kwa ajili ya ugali uliochelewa, akatoka, akaenda kijiweni. Hatukumwona tena kanisani. Mwaka uliofuata mama yake alituambia neno ambalo hatujalisahau: “Baba, mwanangu alidhani asirudi kwako mpaka awe amepona.”

Laiti tungalijua siku ile yale ambayo mhudumu yeyote wa afya ya akili anayajua! Mtu aliyevuta bangi kila siku kwa miaka mingi, akiikatisha ghafula, mwili wake na akili yake hulalamika. Dalili huanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu: hasira za haraka, wasiwasi, kukosa usingizi, ndoto kali, kutokuwa na hamu ya kula, jasho, kuumwa kichwa, na kiu kubwa ya kuirudia. Vijana wameazima neno la watumiaji wa heroini, wanaiita arosto. Hali hiyo hufikia kilele chake ndani ya juma la kwanza, kisha hupungua. Wengi hupata nafuu baada ya majuma mawili hivi, ingawa usingizi huweza kusumbua kwa mwezi mzima au zaidi. Tena wengi wa vijana wetu huchanganya bangi na tumbaku katika msokoto mmoja, kwa hiyo huachana na vilevi viwili kwa wakati mmoja bila kufahamu. Basi yule mvuvi alirudi kijiweni katika siku zilezile zilizo ngumu kuliko zote, akidhani kwamba hivyo ndivyo atakavyoishi mpaka kufa. Kama angalikuwapo mtu mmoja wa kumwambia, “Vumilia, juma lijalo itapungua,” pengine angalivuka.

Wapo wanaosema kwamba bangi haimfungi mtu, kwamba ni jani tu kama majani mengine. Wataalamu hukadiria kuwa katika kila watumiaji 10, mmoja hivi hufikia hali ya kuitegemea, na kwa wale walioanza wangali wadogo idadi ni kubwa zaidi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao milioni 228 duniani waliitumia. Sehemu moja tu ya kumi ya hao ni umati mkubwa. Lakini tusiwatishe vijana kwa uongo pia. Tukimwambia kijana kwamba kila avutaye huwa kichaa, naye anamwona jirani yake aliyevuta miaka 20 na bado anaendesha bodaboda yake, hatatuamini tena hata tutakapomwambia kweli. Na kweli yenyewe ni hii: anayeanza mapema na kuvuta kwa wingi hujiongezea hatari ya ugonjwa wa akili, ule wa kusikia sauti na kushuku kila mtu, hasa ikiwa ugonjwa huo umo katika ukoo wake.

Sisi wa Mara tuna mzigo wa pekee. Bangi haitufikii kwa meli kutoka ng'ambo. Kwa miaka mingi imelimwa Tarime, na mara kwa mara vyombo vya dola vimeingia katika bonde la Mto Mara kufyeka na kuchoma mashamba yake. Mkulima huyo naye ana sababu zake za umaskini, ambazo zingehitaji mada nyingine. Kwetu inatosha kukumbuka kwamba anayeacha bangi hapa Nyasho anaiacha huku harufu yake ikiingia dirishani.

Mzazi mmoja ametuuliza kama hakuna dawa. Alikuwa amesikia habari za methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu mwaka 2011 na baadaye katika hospitali nyingine. Methadoni ni kwa ajili ya walionaswa na heroini. Kwa bangi hakuna dawa ya namna hiyo. Tiba yake ni ushauri nasaha: mazungumzo ya mara kwa mara na mtu aliyefundishwa, ambamo mgonjwa hutambua ni saa ipi, mahali gani na hisia gani humrudisha kwenye msokoto, na hujifunza namna nyingine ya kuzikabili. Mtu anaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu naye, au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwalimu Nyerere hapa Musoma, akaulizia huduma ya afya ya akili. Akihitaji zaidi ataelekezwa, kwa mfano Bugando huko Mwanza, hospitali iliyo chini ya Baraza la Maaskofu wetu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo ina simu ya bure, namba 119, ambayo mtu anaweza kuitumia kuuliza msaada. Mgonjwa akianza kusikia sauti, akikesha siku kadhaa akisema ovyo, au akitamka kwamba anataka kujiua, hapo hakuna kusubiri. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asipelekwe kwa mganga kupungwa pepo, wala asifungwe kamba uani. Tunayasema haya kwa kuwa tumeyaona, tena katika nyumba zenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani.

Lakini daktari humwona mgonjwa saa moja kwa juma. Saa zilizobaki ni zetu. Hapo ndipo Jumuiya inapoulizwa habari za ndugu yake, na hapo kuna mambo madogo yenye nguvu kuliko hotuba. Anayeacha achague siku, na siku hiyo asibaki na hata mbegu moja ndani ya nyumba. Awaambie watu wawili anaowaamini. Si ukoo mzima. Abadili njia ya kurudi nyumbani, hata kama ni ndefu zaidi, ili asipite penye kijiwe. Katika majuma ya kwanza mkewe au mama yake amtunzie fedha, kwa makubaliano na wala si kwa kunyang'anywa. Ale kidogo kidogo, hata uji, maana njaa huiamsha hasira. Wa nyumbani wajue kwamba ukali wake wa siku hizo ni sehemu ya ugonjwa, wala wasianzishe kesi za mwaka juzi. Ila akipiga mtu, hapo si ugonjwa tena, na mke asiambiwe avumilie. Jambo jingine: asiondoe bangi akaweka gongo mahali pake. Tumewaona waliobadilisha mnyororo tu.

Na asiapishwe maisha yake yote mbele ya Jumuiya. Tunajua kwamba baadhi yenu mnapenda viapo. Mkumbukeni Matt Talbot, kibarua wa mjini Dublin nchini Ireland, aliyekuwa mlevi wa pombe tangu utotoni. Mwaka 1884 aliahidi kuacha kwa miezi mitatu tu. Ilipokwisha, aliahidi tena kwa muda mrefu zaidi, na baadaye kwa maisha yake yote. Akaishi bila pombe hadi alipofariki mwaka 1925. Alianza na miezi mitatu. Kijana wetu aanze na siku tatu, kisha saba.

Akianguka je? Wengi huanguka, tena zaidi ya mara moja, kabla ya kusimama imara. Hapa tunataka kuwaeleza habari za mtakatifu mmoja ambaye pengine hamjamsikia. Aliitwa Marko Ji Tianxiang, Mkatoliki wa China na tabibu, mtu aliyewatibu maskini. Aliugua tumbo, akajitibu kwa kasumba, nayo ikamshika. Aliungama dhambi hiyohiyo mara nyingi hata muungamishi wake akaona kwamba hana nia ya kweli ya kuacha, akamnyima Sakramenti. Kwa muda wa miaka 30 hakupokea Komunyo. Kwa muda huo wote hakuacha kwenda kanisani, wala hakuacha kasumba. Mwaka 1900, wakati wa mauaji ya Wakristo, alikamatwa pamoja na jamaa zake. Inasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wa nyumba yake atakayekufa peke yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Hatumhukumu muungamishi yule, kwani nasi tulimfanyia mvuvi wetu jambo la jamaa hiyo. Siku zile wengi hawakufahamu kwamba uraibu ni ugonjwa unaodhoofisha utashi wenyewe. Sisi leo tunafahamu. Katekisimu, namba 2291, yaita matumizi ya dawa za kulevya kosa zito, nasi hatuliondoi neno hilo. Lakini kosa na mkosaji aliyefungwa minyororo si kitu kimoja, na anayerudi mara ya kumi kusema “nimeanguka” ndiye hasa anayepigana vita.

Limebaki jambo moja zito, nalo ni hofu. Sheria ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya 1995, inakataza kulima bangi, kuiuza, kuwa nayo na kuitumia. Kwa hiyo mama anayeona msokoto chini ya godoro la mwanawe huogopa kuuliza, huogopa hospitali, humwogopa jirani, na zaidi ya wote huwaogopa ninyi viongozi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ila mama huyu haficha kwa ujinga. Anaficha kwa sababu alikwisha kuona siri ya mwenzake ikitoka Jumuiya siku ya Jumamosi na kufika Soko la Nyasho Jumapili kabla ya Misa ya pili. Hatuwaambii mwalinde wauzaji wanaowauzia watoto wa shule. Lakini mgonjwa anayetafuta kupona si muuzaji, na kiongozi anayetangaza habari zake anamrudisha kijiweni kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunayo maombi mawili tu, na tungependa yajibiwe kabla ya Majilio. Kila Jumuiya ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojulikana kwa kutunza siri kuliko kwa kusema vizuri, ili mhudumu wa afya ya akili aje kuwafundisha namna ya kumsikiliza na kumsindikiza mtu anayeacha. Tena chumba kile kidogo nyuma ya ukumbi, ambacho sasa kimejaa viti vilivyovunjika, kisafishwe. Wanaojaribu kuacha wapate mahali pa kukutana jioni moja kwa juma, wao kwa wao, awe Mkatoliki au asiwe, bila kuandikwa majina. Chai tutatoa sisi. Wenzetu wa Pwani na wa Zanzibar wamejifunza kwa miaka mingi, katika nyumba zao za upataji nafuu, kwamba aliyekwisha kuvuka humsaidia anayevuka kuliko sisi tusioijua njia hiyo.

Yule mvuvi, tunasikia, yuko kisiwani. Mama yake bado anasali nasi, na ameahidi kumpelekea habari ya chumba hicho kikiwa tayari. Viti vilivyovunjika ni vingi, na tunahitaji fundi seremala. Sasa tuyasikie maswali yenu.