Motokaa ya Kazini na Kodi ya Mshahara

Somo la Radio kwa Madarasa ya Watu Wazima

Kila mwanafunzi na awe na daftari na kalamu tayari, maana leo tutasoma na kuhesabu pia. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne: mwajiri, makato, asilimia, manufaa.

Mwajiri ni mtu au kampuni anayekupa kazi na kukulipa. Makato ni fedha zinazotolewa katika mshahara kabla hujaupokea. Asilimia ni sehemu katika mia. Asilimia 25 ni 25 katika kila 100, yaani robo. Manufaa ni faida unayoipata kazini isiyokuwa fedha taslimu, kama nyumba ya kukaa au motokaa ya kutembelea. Leo tutajifunza habari za manufaa ya motokaa, na jinsi yanavyotozwa kodi katika Tanzania.

Pengine mmoja wenu atasema, "Mimi sina motokaa, somo hili lanihusu nini?" Ndugu yangu, sikiliza. Dereva, msimamizi wa ghala, bwana shamba, fundi mkuu, wote hao huweza kukabidhiwa ufunguo wa motokaa ya kampuni. Mwisho wa mwezi karani huandika hesabu katika hati ya mshahara. Mtu asiyejua kuisoma hesabu hiyo huweza kukatwa zaidi ya haki, asijue. Mwingine huogopa kodi ambayo ni ndogo, akarudisha ufunguo bure, akaendelea kugombea daladala alfajiri pamoja na watoto wake.

Kwanza tuulize: kwa nini motokaa itozwe kodi? Fikiri habari za watu wawili wenye mshahara sawa. Mmoja hununua nauli kila siku kwa fedha zake. Wa pili hupewa motokaa na kampuni. Jumapili huenda nayo sokoni, na wakati wa likizo huenda nayo kwao kijijini. Huyu wa pili amepata zaidi, ingawa zaidi hiyo haikuwekwa mkononi mwake kama noti. Kwa sababu hiyo sheria huihesabu motokaa yake kuwa sehemu ya mapato.

Lakini motokaa haina bei moja kila siku, na nani atahesabu maili alizokwenda sokoni? Kwa hiyo Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka thamani maalum. Thamani hiyo hutegemea mambo mawili tu: ukubwa wa injini na umri wa motokaa. Mambo hayo mawili unaweza kuyaona katika kadi ya gari. Andikeni jedwali hili. Ni thamani ya mwaka mzima.

Injini isiyozidi 1,000 cc: motokaa ya chini ya miaka 5, Sh. 250,000/-, iliyozidi miaka 5, Sh. 125,000/-.

Injini iliyozidi 1,000 cc lakini haizidi 2,000: Sh. 500,000/-, iliyozidi miaka 5, Sh. 250,000/-.

Injini iliyozidi 2,000 cc lakini haizidi 3,000: Sh. 1,000,000/-, iliyozidi miaka 5, Sh. 500,000/-.

Injini iliyozidi 3,000 cc: Sh. 1,500,000/-, iliyozidi miaka 5, Sh. 750,000/-.

Bila shaka mmeona kwamba motokaa ikizidi miaka 5, thamani hushuka kwa nusu.

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi hukosea. Fedha hizo tulizoandika siyo kodi. Ni thamani tu, ambayo huongezwa juu ya mshahara wakati wa kuhesabu. Kisha kodi hutozwa juu ya jumla. Basi mtu akikuambia, "Ukichukua motokaa hiyo, serikali itakukata laki tano," usikimbie. Mwambie akae kitako, mhesabu pamoja.

Haya, tuhesabu. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kodi ya mshahara wa mwezi huenda kwa ngazi. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo mpaka 520,000, kodi ni asilimia 8 ya kilichozidi 270,000. Kutoka 520,000 mpaka 760,000, ni shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Kutoka 760,000 mpaka 1,000,000, ni shilingi 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kilichozidi 760,000. Ukizidi 1,000,000, ni shilingi 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi.

Tumchukue msimamizi wa ghala. Baada ya kutoa mchango wake wa pensheni, mshahara wake unaobaki kutozwa kodi ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Bila motokaa, amezidi 760,000 kwa shilingi 140,000. Robo yake ni 35,000. Ongeza 68,000. Kodi yake ni shilingi 103,000.

Sasa kampuni inampa motokaa ya 1,800 cc, yenye umri wa miaka 3. Jedwali linasema Sh. 500,000/- kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, utapata karibu shilingi 41,667 kwa mwezi. Ongeza juu ya 900,000: jumla 941,667. Amezidi 760,000 kwa shilingi 181,667. Robo yake ni karibu 45,417. Ongeza 68,000. Kodi ni shilingi 113,417.

Toa 103,000 katika 113,417. Jibu ni shilingi 10,417. Hiyo ndiyo kodi ya motokaa kwa mwezi mmoja. Kwa mwaka ni shilingi 125,000. Je, nauli yako ya mwezi ni kiasi gani? Linganisha mwenyewe. Na kama motokaa hiyo ingekuwa na umri wa miaka 6, kodi yake ingekuwa nusu, kama shilingi 5,208 kwa mwezi.

Mwenye mshahara mdogo naye asiogope. Kama mshahara wako ni 220,000, ukiongeza 41,667 unapata 261,667. Hujafika 270,000, hulipi kitu.

Sasa angalieni mambo matatu yanayoweza kumwokoa mfanyakazi asikatwe pasipo haki.

La kwanza ni matumizi. Sheria hutoza motokaa iliyotolewa kwa matumizi binafsi, yawe yote au sehemu. Dereva anayeendesha lori la kampuni mchana kutwa, akalirudisha uani jioni na ufunguo akauacha kwa mlinzi, hakupewa manufaa yoyote. Hiyo ni zana ya kazi, kama jembe kwa mkulima. Thamani ya lori haiongezwi katika mshahara wake. Tena ni vizuri kuweka daftari la safari, linaloonyesha tarehe, mahali motokaa ilipokwenda, na ilipolala usiku. Siku ya maswali, daftari hilo litakusemea.

La pili linamhusu mwajiri. Kama mwajiri, anapohesabu kodi yake mwenyewe, haondoi gharama zozote za kumiliki, kutunza wala kuendesha motokaa hiyo, basi manufaa hayo hayahesabiwi kwa mfanyakazi. Uliza, maana jambo hili halionekani katika kadi ya gari.

La tatu ni umri na injini. Karani huweza kuandika hesabu ya motokaa mpya mwaka wa kwanza, kisha akairudia kila mwezi bila kutazama kuwa motokaa imekwisha zidi miaka 5. Andika wewe mwenyewe tarehe hiyo.

Yako pia maneno juu ya fedha taslimu. Waajiri wengine husema, "Badala ya motokaa tutakupa posho ya usafiri, shilingi 200,000 kila mwezi." Posho ya namna hiyo ni fedha, na huingia yote katika mshahara. Yule msimamizi wetu angekuwa na 1,100,000, na kodi yake ingekuwa 158,000: yaani shilingi 55,000 zaidi kila mwezi, badala ya 10,417. Pengine posho bado itamfaa, hasa kama hana haja ya motokaa kila siku. Lakini ahesabu kabla ya kutia sahihi. Fedha za kukurudishia ulichotumia kwa kazi ya mwajiri peke yake, kama petroli ya safari ya kazi, ni jambo jingine, hizo hazitozwi. Kwa hiyo tunza stakabadhi.

Msichukue hesabu ya jirani bila kuuliza. Kenya, kwa mfano, sheria yao hutazama bei ambayo mwajiri alinunulia motokaa, na kiwango kilichowekwa ni asilimia 2 ya bei hiyo kwa mwezi. Ndugu yako aliyeko Mombasa hawezi kutumia jedwali letu, wala wewe lake.

Ukiona kosa katika hati ya mshahara, usianze kwa ugomvi. Nenda kwa karani ukiwa na nakala ya kadi ya gari na hesabu yako katika karatasi. Sema, "Bwana Karani, naomba unionyeshe ulivyopata hesabu hii." Karani mwema atafurahi, maana kosa lake nalo litasahihishwa. Msipopatana, ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania ipo kwa ajili ya kuulizwa.

Zoezi la darasa. Fundi mkuu ana mshahara wa shilingi 1,200,000 baada ya mchango wa pensheni. Amepewa motokaa ya 2,500 cc, yenye umri wa miaka 7, na huitumia pia kwa mambo ya nyumbani. Thamani ya motokaa kwa mwaka ni ngapi? Kodi yake inaongezeka kwa kiasi gani kila mwezi? Fanyeni wawili wawili, kisha mwalimu atasahihisha.

Majibu: Thamani ni Sh. 500,000/- kwa mwaka. Kodi inatoka Sh. 188,000/- mpaka Sh. 200,500/-, nyongeza ni Sh. 12,500/- kwa mwezi.

Anayejua kusoma hati ya mshahara amsaidie jirani yake asiyejua. Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.