Picha ya Mtoto Yaweza Kuokoa Jicho Lake

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatukuja na habari za mbuzi wa maziwa wala tangi la maji. Tunataka tuzungumze juu ya macho ya watoto wetu wadogo. Mtu mzima akianza kutoona atalalamika. Mtoto wa mwaka mmoja hajui kuona vizuri ni kuona namna gani, kwa hiyo hasemi kitu. Ni sisi wakubwa wa kumwangalia.

Wengi wetu tuna kifaa cha kutusaidia mfukoni: simu yenye kamera na flashi. Mwanga wa flashi huingia kwenye mboni ya jicho, hugonga ukuta wa nyuma wenye damu nyingi, kisha hurudi. Ndiyo sababu katika picha mboni huonekana nyekundu, na zote mbili hufanana. Wataalamu wana kamera maalumu za kupimia watoto, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Basi tuangalie nini?

Kwanza, mboni inayong'aa nyeupe au manjano, kama jicho la paka usiku. Huenda ni mtoto wa jicho. Huenda ni kansa ya jicho iitwayo retinoblastoma, inayowapata hasa watoto wa chini ya miaka 5. Si ugonjwa wa kila siku: hupata kama mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Ikigunduliwa mapema hutibika. Ikichelewa huenea hadi kwenye ubongo na kumwua mtoto.

Pili, macho yasiyofanana. Huenda ni makengeza, au jicho moja linahitaji miwani. Mtoto akiachwa hivyo, ubongo huzoea kutumia jicho moja tu, na akishapita miaka 7 au 8 ni vigumu kurekebisha.

Mpige picha mahali penye mwanga hafifu, umbali wa mita tatu hivi, akiitazama kamera. Zima kile kitu cha simu kinachoondoa wekundu wa macho. Rudia mara kadhaa. Mtoto akitazama kando, hata jicho zima laweza kutokea jeupe. Lakini hilo aliseme daktari wa macho, si jirani. Na picha ikiwa nzuri, bado mpeleke mtoto kliniki kama kawaida.

Sasa neno gumu. Wakati mwingine daktari husema jicho litolewe ili mtoto aishi. Hapo wazazi wengine hubeba mtoto wakarudi nyumbani, na kansa inaendelea. Tusiwalaumu, twende nao. Mtoto mwenye jicho moja atasoma, atacheza na atalima kama wenzake.

Kwa hiyo tunawaomba: kila kikundi kitenge siku moja ya kuangalia macho ya watoto wote wa chini ya miaka 5, na kiweke akiba kidogo ya nauli ya hospitali. Dalili ikionekana, msingoje mavuno. Nendeni wiki hiyo hiyo.