Tepe, Tarbushi na Tai: Kusoma Sare za Askari wa Zamani Pichani



Katika nyumba nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi ipo picha ya mzee aliyevaa sare, na nyuma yake pameandikwa neno moja tu: askari. Wa jeshi gani? Wa vita gani? Jioni hii nina dai moja. Alama iliyo kwenye sare ni shahidi, na shahidi huyo hawezi kuaminiwa kabla picha yenyewe haijahojiwa.

Mabamba ya kioo na filamu nyingi za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hazikunasa rangi nyekundu. Tarbushi nyekundu ilitoka nyeusi tii, na kitambaa cha buluu kikatoka cheupe kuliko kilivyokuwa. Sasa chukueni King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Tarbushi yake ya gwaride kwa kawaida ilikuwa nyekundu, lakini vikosi vya Nyasaland, yaani Malawi ya leo, vilivaa nyeusi. Anayeona tarbushi nyeusi katika picha ya mwaka 1914 akaandika "Nyasaland" ameandika kitu ambacho picha haikumwambia.

Kuna mtego mbaya zaidi. Kwenye tarbushi za Keya palibandikwa namba za batalioni, nyingine za Kirumi, nyingine za Kiarabu. Bamba la kioo likichapwa upande usio wake, picha nzima hugeuka kushoto kulia. IV ikigeuka husomeka VI. Waliosoma chuoni utotoni waiandike mbili ya Kiarabu, ٢, kisha waitazame kwenye kioo: wataona kitu kinachokaribia sana sita, ٦. Mtu wa batalioni ya nne, ya Uganda, anahamishiwa ya sita bila kuinua mguu. Kwa hiyo kabla ya kusoma namba, angalieni bunduki: mkono wa kufungulia chemba huwa upande wa kulia. Angalieni vifungo vya koti, ambavyo kwa mwanamume hushonwa upande wake wa kulia. Angalieni medali, ambazo hukaa kifua cha kushoto. Vitu hivi vikiwa kinyume, geuzeni picha kwanza.

Kwa askari wa Wajerumani, alama kubwa ni tai wa chuma mbele ya tarbushi iliyovikwa kitambaa cha kaki. Cheo kilionyeshwa kwa tepe nyekundu zenye umbo la V kwenye mkono wa kushoto: moja kwa ombasha, mbili kwa shaushi. Majina hayo yalikuja na Wasudani walioandikishwa Misri na ofisa Mjerumani Hermann von Wissmann mwaka 1889, nayo yanaonyesha vizuri zaidi jeshi lile lilikotoka kuliko kumbukumbu nyingi za maofisa. Katika picha za Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam, tai huyo huonekana wazi, na tepe hutoka nyeusi kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Lakini kadiri vita vilivyoendelea, nguo zilianza kusema uongo. Novemba 1917 kikosi cha kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kilivuka Ruvuma, kikawashinda Wareno huko Ngomano na kuchukua bunduki, risasi na sare zao. Tangu hapo askari wa Mjerumani aliweza kuvaa koti la Mreno. Mwaka huohuo Waingereza walikuwa wakiandikisha mateka, askari wa Mjerumani wa jana, katika batalioni ya sita ya Keya. Mtu mmoja, basi, anaweza kuwa na picha mbili halali zenye alama za maadui wawili, na familia ikadhani moja ni ya ndugu yake. Nimesikitika kila nilipoona picha ya pili ikitupwa kwa sababu hiyo.

Vita Kuu ya Pili ni rahisi zaidi. Mkiona kofia pana na kichwa cha kifaru begani, ulizeni habari za Burma: hiyo ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana huko mwaka 1944.

Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ndio wanaoniumiza moyo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao, lakini hawakuwa na tepe wala tai. Kwenye picha husimama pembeni, na pembeni ndipo mkasi na skana hupita. Nawaomba wahifadhi wa nyaraka wasikate ukingo wa picha yoyote, wanakili nyuma yake pia, na kwa kila jina la kikosi waandike limetokana na alama ipi. Panapokosekana alama, waandike mzigo uliobebwa, umevikwa nini, umefungwa kwa kamba ya namna gani. Kwa mpagazi, ushahidi uko hapo.