Chungu cha Isombe Hapa Gongoni



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya mapishi, nasi twashukuru, ingawa yamkini wako watakaoliona neno dogo katika sherehe ya miaka kumi ya chama.

Sisi tusemao tulitoka Burundi mwaka 1972, wengine tukiwa migongoni mwa mama zetu, tukiyakimbia mauaji ya mwaka ule. Tukapewa mashamba Ulyankulu. Mmoja wetu, asiyependa jina lake litajwe, alifika mjane, hana mali ila ujuzi wa jikoni. Alipopata kibali cha kutoka makazini alikuja hapa Gongoni kuuza isombe.

Isombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa muda mrefu, maana mabichi yana sumu. Kisha hutiwa mawese. Hapo ndipo penye taabu. Mchikichi ni mti wa Kigoma, si wa nchi hii kavu ya miombo, na mawese yaliyoletwa kwa gari moshi hayakuwa na bei ya mjane. Jirani yake, bibi wa Kinyamwezi, akamwambia, "Tia karanga, mwanangu." Akatia. Wazee wetu walinung'unika, na hata leo wengine wetu twayataka mawese, lakini chungu kilirudi nyumbani kitupu. Tena wateja wa Kimanyema, ambao wazee wao walikuja Tabora zamani za misafara ya Ujiji, walilitambua jani lile mara moja, wakaliita sombe, kama liitwavyo Kongo. Kumbe chakula cha mgeni kilikuwa kimemtangulia mjini kwa karibu miaka mia!

Kwa chungu hicho alisomesha watoto wanne. Serikali ilipoanza kutugawia vyeti vya uraia mwaka 2014, alikifunga chake katika kitambaa kile kile cha fedha za mauzo.

Sasa ombi letu. Mkopo hupimwa kwa marobota ya tumbaku, na mpishi hana robota la kuweka rehani. Sisi twahitaji sufuria kubwa, kuni na gunia la karanga, na deni letu hulipika kila juma, wala halingoji msimu. Twaomba Halmashauri itukubalie tudhaminiane watano watano; mmoja akishindwa, wanne watalipa. Majina ya watano wa kwanza tumekwisha kumkabidhi Bwana Katibu.