Nyangumi wa Loperot

Wazee wetu mliokuja na fimbo na vigoda vyenu, mama zangu mliovaa shanga hadi kidevuni, jamaa mliosafiri kutoka Kakuma na Kalobeyei, na ninyi wahitimu mliofungiwa ndani ya majoho meusi katika jua la Lodwar: aliyebuni joho ni dhahiri hakuwahi kupita hapa. Nitajitahidi kuwaonea huruma.

Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wakichimba Loperot, upande wa Lokichar. Katika mawe wakakuta mfupa wa kichwa cha mnyama ambaye wazee wa pale hawangeweza kumtambua hata wangepewa mwaka mzima. Alikuwa nyangumi. Miaka milioni 17 iliyopita alipotea njia kutoka Bahari ya Hindi, akapanda mto akidhani bado yuko nyumbani, akafia katika nchi ambayo leo mbuzi wanatafuta kivuli. Mfupa wake ulikutwa mita 620 juu ya usawa wa bahari, na pwani iko mbali zaidi ya kilomita 700. Nyangumi hapandi mlima. Kwa hiyo wanasayansi walijua kwamba siku zile ardhi hii ilikuwa chini, tambarare na yenye mvua, na kwamba kuinuka kwa Afrika Mashariki kulikuja baadaye, kukabadili pepo, kukapunguza misitu. Historia nzima ya ukame wetu imeshikiliwa na mfupa mmoja.

Na mfupa huo ulipotea! Uliandikwa katika jarida la kisayansi mwaka 1975, kisha ukafichama katika ghala za makumbusho huko Marekani kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2011 ulipopatikana palepale Harvard. Mimi humfikiria sana nyangumi yule. Alipotea mara mbili, na mara ya pili alipotezwa na watu wenye shahada.

Kwa nini nawaletea nyangumi kwenye mahafali? Kwa sababu ni hukohuko Loperot ambako mwaka 1992 kampuni ya Shell ilichimba kisima cha utafiti, ikaona dalili za mafuta, ikafunga virago. Miaka 20 baadaye, Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba kisima cha Ngamia 1, kilichochimbwa na kampuni ya Tullow katika bonde la Lokichar, kimegonga mafuta. Wengi hapa huweka habari ya mifupa kando na habari ya mafuta, ya kwanza ya wazungu wenye brashi, ya pili ya wanasiasa. Ukisoma mawe unakuta ni habari moja. Nchi hii imekuwa ikipasuka na kudidimia kwa mamilioni ya miaka, na katika kila shimo ziwa lilizaliwa, likafa, jingine likazaliwa. Tope lenye mwani lililotuama chini ya maziwa hayo lilifukiwa kina kirefu, likapashwa joto na tumbo la dunia, likawa mafuta. Tope lililofunika mizoga kabla fisi hawajaifikia likahifadhi mifupa. Mchanga na changarawe za mito ya kale zikabaki na nafasi ndogondogo, maji yakajaa humo. Majivu ya volkano yakatua juu ya yote, tabaka baada ya tabaka, na ndiyo yanayotuwezesha leo kupima umri wa kilichokaa kati yake. Mafuta, visukuku na maji ya Turkana ni ndugu wa tumbo moja.

Basi juu ya ndugu hawa tumeletewa matangazo, na matangazo ndiyo zao tulilovuna kwa wingi kuliko yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha samaki kilijengwa Kalokol kwa msaada wa Norway. Mfugaji angekuwa mvuvi, sangara wangegandishwa kwa barafu jangwani na kusafirishwa. Umeme na maji safi ya kugandishia yakagharimu kuliko samaki wenyewe, ghuba ya Ferguson ikakauka, mitambo ikanyamaza. Kumbukeni kwamba wakati huohuo wanawake wa Kalokol walikuwa wakikausha samaki juani bila gharama ya umeme, na bado wanakausha.

Mwaka 1991 bwawa la Turkwel lilikamilika, megawati 106. Nyaya zake zikaelekea kusini hadi Lessos, nasi Lodwar tukabaki kwa miaka mingi na mngurumo wa jenereta za dizeli.

Septemba 2013 ilikuja habari kubwa zaidi: serikali na UNESCO walitangaza kwamba picha za setilaiti na rada zimeonyesha bahari ya maji chini ya Lotikipi, kaskazini-magharibi, na nyingine ndogo karibu na Lodwar. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba maji hayo yangeitosha Kenya kwa miaka 70. Watu walicheza ngoma. Kisha visima vikachimbwa Lotikipi, maji yakapimwa, yakakutwa na chumvi isiyonyweka. Waswahili wana neno lao: maji usiyoyafika hujui kina chake. Na aliyeishi kando ya ziwa letu hangeshangaa sana, kwa sababu Ziwa Turkana lenyewe halina mto wa kutokea. Maji yanaingia, karibu asilimia 90 kutoka mto Omo wa Ethiopia, na njia yake ya kutoka ni moja tu, kupaa hewani kwa joto la jua. Chumvi haipai. Katika mabonde yaliyofungwa namna hii, swali la kwanza kuhusu maji huwa utamu wake, wingi hufuata. Maji yanayoinywesha Lodwar hadi leo yako kwenye mchanga wa kingo za mto Turkwel, karibu tu, na hakuna mkutano wa waandishi wa habari ulioitishwa kwa ajili yake.

Sisemi setilaiti ni uongo. Ilionyesha mahali pa kuchimba. Ninalosema ni kwamba kati ya siku ya kutangazwa na siku ya kuteka maji kuna kazi ya kupima, na kazi hiyo haikuwa na mwenyewe.

Sasa niwaambie habari ya watu waliotembea.

Kamoya Kimeu alizaliwa Ukambani na shule yake haikuzidi ya msingi. Mwaka 1984, siku ambayo wenzake walikuwa wakipumzika, alitoka kutembea kwenye ukingo wa laga ya Nariokotome, magharibi mwa ziwa. Akaona kipande kidogo cha mfupa, rangi ileile ya mawe yaliyokizunguka. Kilikuwa cha paji la uso la kijana aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita, na walipoendelea kuchimba wakapata karibu mifupa yake yote mikubwa. Dunia nzima inamjua kama Mvulana wa Turkana. Mwaka 1999 Justus Erus aliona Lomekwi fuvu la miaka milioni 3.5, lenye uso bapa usiofanana na wowote uliojulikana. Mwaka 2011, kulekule Lomekwi, kikosi kilichokosea njia kilipanda kilima, na kwa msaada wa macho ya Sammy Lokorodi kikatambua zana za mawe za miaka milioni 3.3, za kale kuliko zote zilizowahi kupatikana duniani. Mwaka 2014 John Ekusi alijitenga kidogo na wenzake huko Napudet avute sigara, akaona fuvu la nyani mchanga wa miaka milioni 13. (Walimu wa afya wanisamehe, sisifu sigara.)

Jicho linalojua kutofautisha jiwe na mfupa ni lile lililofunzwa kutambua nyayo za ngamia aliyepotea kati ya nyayo mia. Elimu hiyo mlikuwa nayo kabla ya kuja chuoni. Kilichokosekana ni kalamu iliyo karibu na jicho. Kamoya alipewa shahada ya heshima ya udaktari na chuo kimoja cha Marekani mwaka 2021, akafariki Julai 2022. Ninyi mmeipata yenu mapema, mna muda wa kuitumia.

Itumieni wapi? Anzeni na karatasi. Sheria ya Petroli ya 2019 inasema asilimia 5 ni ya jamii ya mahali na 20 ni ya kaunti. Katika baraza la kijiji utasikia mtu akigawa asilimia 5 ya kila pipa. Sheria inasema ni ya fungu la faida linaloifikia serikali, maana yake baada ya gharama za mwekezaji kukatwa. Atakayesoma hesabu hizo za gharama ndiye atakayejua tunapata nini. Ng'ambo ya ziwa, Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye jina la Turkana, na mwaka 2021 mahakama ilisema hatimiliki za ardhi ile zilitolewa bila kufuata sheria. Ardhi yetu nyingi hapa haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kaunti inaishika kwa amana tu. Wahitimu wa sheria, biashara na upimaji, hilo ni lenu, na halina posho nzuri.

Wahitimu wa mazingira, niwatume kingo za mito. Bibi zenu walijua kila mti wa ewoi kando ya Turkwel ni wa familia gani, nani aokote maganda yake wakati wa kiangazi na nani asithubutu kuukata. Utaratibu huo, ekwar, ulilinda msitu bila askari. Halafu miaka ya 1980 tukaletewa mti wa mathenge ili uzuie jangwa. Ukazuia njia za mifugo. Wenzetu wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kuwa ushahidi dhidi ya mti huo. Leo umeufunika mto Tarach hadi Kakuma, ambako wenyeji wanauchoma makaa na kuwauzia wakimbizi, na wakimbizi wanaujengea ua. Haung'oki kwa semina. Nani ameandika ni ewoi mingapi imebaki katikati yake, na ni ya nani?

Hapa nawageukia waliosoma wakitokea kambini. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na baadhi yenu hamna kumbukumbu ya mto mwingine ila Tarach. Mnajua unafurika hadi nyumba zipi na unakauka mwezi gani, na visima vipi vilianza kuwa na chumvi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu wa pwani. Basi leteni daftari hilo, tuliweke pamoja na la wenyeji, kwa sababu maji ya chini hayaulizi kitambulisho.

Maktaba ya chuo imetenga kabati moja kwa ajili ya vipimo vya visima: kina, chumvi, tarehe, jina la aliyepima. Kwa sasa ni tupu. Kila atakayepita kuchukua cheti Jumatatu atapewa fomu, na fomu hiyo ijazwe kijijini kwako, irudi kabla ya mvua za Aprili.

Mabasi ya Kakuma yanaondoka saa kumi, dereva amenisihi niseme saa kumi kamili. Nyama iko nyuma ya ukumbi, wazee watangulie. Vueni majoho sasa.