Mti Kwanza, Mkanda Baadaye: Namna ya Kutundika Kitanda cha Bembea katika Nyika ya Wajir



Utangulizi

Mada hii inawahusu watu ambao kazi huwalaza porini: maafisa wa mifugo wanaofuata ratiba ya chanjo, walinzi wa wanyama katika hifadhi za jamii kama Sabuli, madereva wa barabara ya Habaswein na waongozaji wa wageni. Wengi wao wameanza kubeba vitanda vya bembea, kwa kuwa ni vyepesi na hukunjwa vikaenea ndani ya mkoba. Kitanda chenyewe mtu hununua mara moja. Shida ni kukitundika. Nitaeleza kwamba katika nyika yetu mkanda unafaa uchaguliwe kwa kuangalia mti utakaoubeba, kisha pembe ya kuning'inia, na bei mwisho.

1. Faida ya kulala juu

Ardhi ya Wajir ni tambarare. Mvua ya Gu, yaani masika, ikinyesha kwa nguvu, maji hayana pa kukimbilia, na aliyelala kwenye mkeka huamka amelowa. Nge na nyoka nao hutembea usiku. Kuna pia kala-azar, iliyozuka Wajir na Mandera mwaka 2000 na 2001 na ikarudi tena miaka ya baadaye. Ugonjwa huu huenezwa na nzi wadogo wa mchanga wanaojificha mchana ndani ya vichuguu na nyufa za ardhi, wakatoka kuuma jua likizama. Kulala juu peke yake hakumkingi mtu. Chandarua kilichotiwa dawa bado kinahitajika, na mti ulio karibu na kichuguu usitumiwe hata ukiwa mnene kiasi gani.

2. Mti upi?

Mgunga mwavuli uliokomaa ndio tegemeo letu. Mbao zake ni ngumu na mizizi yake huenda chini sana. Chagueni shina lisilopungua unene wa sentimita 15, na msifunge kwenye tawi. Ligongeni kwa fimbo kwanza: likitoa sauti ya uvungu, mchwa wameshalila ndani. Angalieni na juu pia, kwa sababu tawi kavu likikatika usiku humwangukia aliyelala.

Miti ya jamii ya manemane imejaa nyikani, lakini mbao zake ni laini na gome lake hubanduka kama karatasi. Hiyo iacheni. Mathenge, mti vamizi, nao una mashina mengi membamba na miiba ambayo jeraha lake huvimba. Ukipatikana wenye shina nene, safisheni miiba kwa panga kabla ya kufunga. Hakuna atakayewalaumu kwa kuupunguza mti huo.

Mgunga una hesabu nyingine. Chini ya gome kuna tabaka jembamba linalopeleka chakula kutoka majanini hadi mizizini. Kamba nyembamba ikibeba uzito wa mtu hulikata tabaka hilo, na likikatwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifikii milimita 300 katika miaka mingi, mti wa kivuli ulichukua miongo kukua, na chini yake mbuzi na ngamia hupumzika mchana. Mti ulio karibu na kisima au boma una wenyewe hata pasipo ua. Ombeni ruhusa kwa wazee kabla ya kufunga.

3. Pembe huamua uzito

Wengi huvuta mkanda ukanyooka kama uzi wa fundi mwashi, wakidhani kukaza ndiko usalama. Hesabu inaonyesha kinyume. Mtu wa kilo 80 akilala katika bembea ambayo mikanda yake imeteremka kwa nyuzi 30, kila mkanda hubeba takriban kilo 80. Pembe ikipungua hadi nyuzi 10, kila mkanda hubeba kilo 230. Ikiwa nyuzi 5, mzigo hufika kilo 460 kila upande. Mtu ni yuleyule, lakini mti unavutwa karibu mara sita zaidi, na mgongo wake pia hauoni raha.

Nyuzi 30 hupimwa kwa mkono. Tandazeni kidole gumba na cha shahada vifanye pembe mraba, kidole gumba kikielekea juu sambamba na shina. Mstari wa kufikirika kutoka ncha ya kimoja hadi ncha ya kingine unakaribia mteremko unaotakiwa. Bembea ya mita 3, miti ikiwa mbali kwa mita 4, mkanda ufungwe kimo cha mita 1.7 hivi. Aliyelala atakuwa nusu mita juu ya ardhi. Msizidi hapo, ili fundo likiteleza anguko lisivunje mtu kiuno.

4. Mkanda upi?

Kamba ya manila, ile ya plastiki ya buluu au njano inayofungia mifugo, iko katika kila duka. Haifai kuzungushwa kwenye mti: ni nyembamba, fundo lake huteleza, na jua letu huifanya ikauke na kumeguka. Blada inayofungia mizigo ya pikipiki hunyumbuka mno. Kamba ya nailoni ina nguvu, lakini hurefuka, hasa ikilowa, na aliyelala juu saa tatu anajikuta ardhini alfajiri. Kamba ya katani ni ya dharura tu.

Kinachofaa ni mkanda bapa wa polyesta. Haurefuki sana na hustahimili jua kuliko nailoni na manila. Upana uanzie sentimita 2.5, na kwa mti wenye gome laini sentimita 5 ni bora. Urefu uwe mita 3 au 4 kila upande, kwa sababu migunga yetu hupishana mbali. Mikanda ya kukazia mizigo ya lori imetengenezwa hivyohivyo. Tafuteni lebo inayoonyesha uzito wa kukatikia usiopungua kilo 700, ondoeni chuma cha kukazia, na msinunue uliochanika pembeni.

5. Namna ya kufunga

Njia ni tatu. Ya kwanza ni mkanda wenye vitanzi vilivyoshonwa, ambao karabina, yaani kulabu yenye mlango, hunasishwa kwenye kitanzi unachotaka. Ni rahisi kwa anayeanza, ila ni mzito na hupimika kwa hatua za vitanzi tu. Ya pili ni mkanda wenye bizimu, unaovutwa na kulegezwa kwa kiasi chochote. Mchanga ukiingia, bizimu hushika vibaya, basi ipanguseni kila jioni. Ya tatu ni fundo la kijiti: mkanda husokotwa kitanzi, kijiti kigumu kikapitishwa, na kamba ya bembea ikawekwa juu ya fundo, si juu ya kijiti. Haina chuma cha kupotea, na ndiyo ninayoipendekeza kwa safari ndefu.

Wanaotilia shaka mafundo wawaulize akina mama wanaojenga aqal. Nyumba nzima ya fito na mikeka hufungwa kwa kamba, hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa kwingine bila msumari. Fundo lao hushika penye mzigo na hufunguka bila kisu. Sifa hizo mbili ndizo zinazotakiwa hapa.

Mvua inapokaribia, fungeni uzi mfupi kwenye mkanda karibu na bembea, maji yadondoke hapo yasije kitandani.

6. Pasipo miti

Kuna maeneo ambako mti wa pili haupo. Gari linaweza kushika upande mmoja, kwenye nguzo ya chuma ya keria iliyoungwa vizuri. Breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe kwenye magurudumu, na ufunguo akae nao aliyelala. Nguzo fupi iliyochimbiwa mchangani isitegemewe, kwa kuwa mvuto wa pembeni huing'oa. Penye shaka, tandikeni chini.

Hitimisho na mapendekezo

Kwanza, kila mfanyakazi wa nyanjani apewe mikanda miwili ya polyesta pamoja na chandarua chenye dawa. Pili, mafunzo ya mafundo yafundishwe na akina mama wa hapa, nao walipwe kama wakufunzi wengine. Tatu, kamba nyembamba zipigwe marufuku kwenye miti hai ndani ya hifadhi za jamii. Nne, mkanda ukaguliwe kwa vidole kabla ya kila usiku, na uliochanika ukatwe ili asije mwingine akautumia.