Tanuru ambayo hatuko nayo



Mumezoea tuwaite juu ya maji, juu ya barabara, juu ya watu wetu wanaouawa. Leo tunaongea juu ya udongo wa kuchoma. Musicheke kwanza. Mwishoni tutarudi palepale ku umeme, juu njo pale mambo yanakwama.

Tuanze ku garaji. Fundi yeyote wa Goma ao wa Lubumbashi anajua sonde lambda, kile kidude kinachofungwa ku bomba la moshi la gari. Ndani yake muna kikombe kidogo cha seramiki, kinaitwa zirkonia, yenye kuchanganywa na itriumu kidogo. Kikipata moto wa kupita nyuzi 300, oksijeni inaanza kupita ndani ya mwili wa seramiki ile. Haipiti kama hewa, inapita kama ioni, ni kusema chembe yenye kubeba umeme. Upande mmoja kuko moshi, upande mwingine kuko hewa safi. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa volti kidogo, na gari linasoma volti hiyo ili lijue kama petroli imezidi. Kampuni ya Bosch, kule Ujerumani, ilianza kuvitengeneza kwa wingi 1976. Kwa hiyo kila siku tunapanda magari yenye kubeba seramiki inayopitisha ioni, na hakuna aliyetuambia.

Mushike jambo moja: ioni zinapita, gazi haipiti. Seramiki ikiwa na vitundu vinavyoungana kutoka upande huu mpaka ule, moshi na hewa vinachanganyika, sonde inadanganya. Mama anayejenga nyumba anajua hiyo hesabu. Tofali lisiloiva linakunywa maji, na hata lililoiva linakunywa kidogo. Seramiki tunayosema haipaswi kunywa hata tone.

Sasa tuingie ku batri. Batri ya simu yako iko na maji ndani, na maji yale yanashika moto. Wengi wenu mumeona simu iliyovimba. Ndiyo sababu wachunguzi wa Japani, Ujerumani, Marekani na China wanatafuta kuondoa maji yale na kuweka seramiki ngumu inayopitisha ioni za litiumu. Mojawapo ilitangazwa 2007 na Murugan, Thangadurai na Weppner: oksidi ya litiumu, lantani na zirkoniumu. Ikitengenezwa vibaya, ioni zinatembea pole sana. Ikitengenezwa vizuri, zinakimbia hata bila kuipasha moto.

Siri moja iko hapa. Fikiria taxi-bus iliyojaa mpaka mlangoni: hakuna anayeweza kusogea. Mtu mmoja akishuka, wengine wanapata namna. Ndani ya seramiki ile litiumu imejaa hivyohivyo. Ili kushusha abiria, watu wanatoa zirkoniumu kidogo, karibu robo, na kuweka tantali pahali pake. Tantali moja ikiingia, litiumu moja inatoka, na zile zinazobaki zinapata nafasi ya kutembea.

Na tantali inatoka wapi? Wandugu, inatoka ku coltan. Rubaya, ku Masisi, ambayo M23 iliteka 2024. Litiumu nayo iko Manono, pahali babu zetu walichimba bati wakati wa Wabelgiji. Viwili kati ya vitu vinavyoingia ku seramiki ile viko chini ya miguu yetu. Hapo mutu anasimama na kupiga kelele: madini ni yetu! Ni kweli. Lakini ukimupa gunia la coltan na gunia la mawe ya Manono, atatengeneza nini?

Tuwaambie kazi yenyewe ilivyo, namna inavyofanyika ku labo. Unaanza na unga: karbonati ya litiumu, oksidi ya lantani, ya zirkoniumu, ya tantali. Oksidi ya lantani inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo ukipima bila kuikausha ku moto, unapima maji na hesabu yote inaharibika. Unasaga pamoja, unachoma karibu nyuzi 900, unasaga tena mpaka unga unakuwa laini sana, unaukandamiza kwa presi unakuwa kama kidonge. Kiisha kidonge kinaingia tanuru ya nyuzi kama 1.200 kwa masaa mengi. Hakiyeyuki. Chembe zinashikamana moja kwa moja, vitundu vinafungwa, kidonge kinasinyaa.

Na hapo litiumu inakimbia. Ku joto lile inageuka mvuke na kwenda. Ndiyo maana wanaongeza litiumu mapema, mara nyingi asilimia 10 zaidi, tena wanafunika kidonge kwa unga uleule ili mvuke ubakie karibu. Ukitoka na asilimia 80 ya uzito unaotakiwa kwa ukubwa ule, ni chaki. Wanatafuta kupita 95. Ku vitundu na ku mipaka ya chembe, litiumu ya batri inaota kama mzizi, inatoboa mpaka upande wa pili, batri inakufa. Hata wale wakubwa hawajamaliza tatizo hilo.

Kuna kitu kilitufurahisha. Wachunguzi walikuja kugundua kwamba kidonge kilikuwa kinatoka kizuri juu chungu cha kuchomea kilikuwa cha alumina, na aluminiumu kidogo ya chungu ilikuwa inaingia ndani bila mtu kujua. Chungu kilikuwa kinasaidia kazi! Mambo kama hayo hauyapati ku kitabu kwanza. Unayapata kwa kuchoma, kukosea, kuchoma tena.

Sasa umeme. Tanuru ile inataka nyuzi 1.200 bila kukatika. Delestage ikikukuta ku saa ya tano, kidonge kinapoa vibaya, kinapasuka, unatupa wiki nzima ya kazi. Ku mitaa yetu umeme unakuja usiku wa manane na kuondoka kabla ya kucha. Tukidai umeme watu wanafikiri tunataka paka taa na televizyo. Hapana. Bila umeme wa kudumu tutabaki wachuuzi wa mawe, hata vita viishe kesho.

Kuna wenye kutuambia tusubiri usine kubwa ya batri. Sisi hatukubali kusubiri. Angalieni NGK ya Nagoya, Japani. Ilianza 1919 na visahani vya porcelaine, vile vinavyoshika nyaya ku nguzo za umeme. Ku udongo uleule wa kuchoma ikapanda pole pole mpaka ikatengeneza mabomba ya seramiki inayopitisha ioni za sodiumu, kwa batri kubwa za kuhifadhi umeme wa miji. Walianza ku nguzo. Nguzo tuko nazo.

2022, Lubumbashi, ku chuo kikuu, kulizinduliwa kituo cha kuchunguza batri. Tunataka kujua tanuru ngapi ziko pale, zinafika nyuzi ngapi, na kama mwanafunzi kutoka Bukavu ao Kindu anaweza kuingia bila kuwa na mjomba ku kabineti. Tumeandaa barua ya maulizo hayo. Iko ku meza, pale karibu na mlango. Soma kwanza, kiisha utie sahihi.

Na wale wanaosoma kemia, fizikia ao umeme wabakie kidogo. Tuko na mizani moja na presi ya fundi wa garaji. Jumamosi ijayo tunaanza na udongo wa kawaida: kuukandamiza, kuuchoma ku makaa, kupima uzito kabla na nyuma ya kuulaza ku maji. Tutajua ni nani tofali lake linakunywa.